Zamrock: Muziki Uliofuata Bei ya Shaba

Oktoba 2024 mwanamuziki wa Marekani Tyler, the Creator alitoa wimbo uitwao "Noid", akaujenga juu ya kipande cha "Nizakupanga Ngozi", wimbo ambao bendi ya Ngozi Family iliurekodi Zambia mwaka 1977. Mwenye bendi hiyo, Paul Ngozi, alifariki mwaka 1989. Vijana waliozaliwa miaka kumi na zaidi baada ya kifo chake wakawa wanasikia Kinyanja kikiimbwa juu ya gitaa la sauti ya kukwaruza, na ni haki yao kuuliza muziki huo ulikuwa wapi muda wote huo. Jibu linalotolewa kwa wepesi ni kwamba muziki una zamu: kizazi kimoja huupenda, kinachofuata huuchoka, na cha tatu huuokota kwenye sanduku la babu kikauona mpya. Huenda jibu hilo likafaa kwa London au Los Angeles, ambako roki imepanda na kushuka mara kadhaa huku viwanda, studio na maduka ya magitaa yakibaki palepale. Kwa Zambia halifai. Roki ya huko, ile iitwayo Zamrock, iliangushwa na bei ya shaba, vita vya mipakani na maradhi, wakati wapenzi wake bado walikuwa wanaitaka. Na kwa kuwa ilianguka kwa sababu hizo, hata kurudi kwake kumekuwa na sura ya pekee: kumeruka karibu kizazi kizima, na kumepita mikononi mwa wageni kabla ya kufika nyumbani.

Kuuelewa muziki huu ni lazima kuanzia kwenye redio na mgodi. Mwaka 1949, wakati nchi bado ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, kampuni ya Ever Ready ilianza kuuza redio ndogo ya betri yenye umbo la sufuria, ya bei ambayo mfanyakazi wa Kiafrika aliweza kuimudu akijibana. Kituo cha Lusaka kilikuwa kikitangaza kwa lugha kadhaa za nchi, na watu kama Alick Nkhata, aliyekuwa mtangazaji, mwimbaji na mkusanyaji wa nyimbo za vijijini, waliwazoesha wasikilizaji kusikia gitaa na Kibemba katika wimbo mmoja. Huko Ukanda wa Shaba, yaani Kitwe, Ndola, Mufulira, Chingola na Luanshya, mishahara ya migodini ilileta gramafoni, magitaa na kumbi za burudani katika mitaa ya wafanyakazi. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, watoto wa wachimbaji hao walikuwa wanaingia ujanani, na redioni wakakutana na Beatles, Rolling Stones, James Brown na Jimi Hendrix. Emmanuel Chanda, aliyezaliwa mwaka 1951 na kukulia Kitwe, aliigiza uchezaji wa Mick Jagger jukwaani hadi akapewa jina la Jagari, na ndilo analojulikana nalo hadi leo. Kijana yule hakuwa maskini wa kutupwa wala mtoto wa tajiri. Alikuwa zao la nchi ambayo mwaka 1969 ilizalisha zaidi ya tani 700,000 za shaba, na ambayo fedha zake za kigeni, kwa zaidi ya asilimia 90, zilitokana na madini hayo.

Shaba ndiyo iliyonunua vyombo. Gitaa la umeme, amplifaya, nyuzi, ngozi za dramu, vipaza sauti, na kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachoifanya sauti ya gitaa ikwaruze: hakuna kimoja kilichotengenezwa Zambia. Vyote viliagizwa kwa fedha za kigeni. Mapema katika miaka ya 1970 fedha hizo zilikuwepo, na bendi zikaota kila mji: WITCH ya Jagari, Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, Ngozi Family, Amanaz, na wasanii waliojisimamia kama Keith Mlevhu na Chrissy Zebby Tembo. WITCH walitoa albamu yao ya kwanza, "Introduction", kwa juhudi zao wenyewe, bila kampuni kubwa nyuma yao. Mwaka 1975 pekee ulileta "Lazy Bones!!" ya WITCH, "Africa" ya Amanaz, "Wings of Africa" ya Musi-O-Tunya na "Zambia" ya Ililonga. Mtangazaji wa Redio Zambia, Manasseh Phiri, ndiye anayetajwa kuwa aliyeupa muziki huo jina lake.

Siasa nayo ilisaidia, tena kwa njia ambayo msomaji wa Tanzania ataiona ya ajabu. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitaa mbele ya wananchi, anakumbukwa kwa agizo kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Agizo halikusema uwe wa aina gani. Vijana wa roki walikuwa Wazambia, walirekodi Zambia, basi nyimbo zao zilihesabika kuwa za taifa. Dar es Salaam ilishika njia nyingine. Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilitangazwa Oktoba 1968 dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini kwa hoja kwamba unawapotosha vijana. Serikali zote mbili zilikuwa za kijamaa, za majirani na marafiki, zikijengewa pamoja reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Moja iliwauliza vijana wanacheza nini, nyingine iliuliza wametoka wapi. Sisemi kwamba sera ya Tanzania ilikosa matunda, kwani muziki wa dansi ulistawi chini yake kwa namna ambayo Zambia haikuijua. Lakini roki haikuwa na mlango Tanzania. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, iliyochanganya roki na midundo ya Kiafrika, ilivuka kwenda Zambia, na albamu yake "Ave Africa" ikatoka huko mwaka 1976.

Wapo wanaosema kwamba muziki wenyewe ulikuwa uigaji tu, na kwamba kuporomoka kwake kulikuwa kuondoka kwa kitu ambacho hakikuwa na mizizi. Shutuma hii si ya kupuuzwa, maana inashika ukweli mmoja: bendi zote zilianza kwa kuiga, na nyimbo nyingi za mwanzo ziliimbwa kwa Kiingereza na watu waliozijua Deep Purple na Grand Funk Railroad kwa moyo. Hata hivyo, lazima tupime walikofika, tusiishie walikoanzia. Musi-O-Tunya, waliojiita kwa jina la yale maporomoko ya Zambezi, walifanya kazi kwa muda Nairobi, jiji lililokuwa na studio na soko la santuri ambalo Lusaka haikuwa nalo. Muziki walioutoa una tarumbeta, ngoma za mkono na mwendo ambao haukutokea Uingereza. Paul Ngozi aliimba kwa Kinyanja cha mitaani kuhusu ugomvi wa nyumbani, umaskini na hukumu ya Mungu, na akapiga gitaa kwa meno kama Hendrix huku akihubiri kama mzee wa kanisa. Albamu yake ya 1976, "Day of Judgement", ina sauti kavu na nzito kiasi kwamba wasikilizaji wa leo wa Ulaya huilinganisha na panki, ilhali ilirekodiwa wakati panki yenyewe ndiyo kwanza inachipuka huko kwao. Kwa hali hiyo, muziki wa dansi wa miji ya Congo, uliojifunza rumba kwa santuri za Kuba, nao ungelazimika kuitwa uigaji. Hakuna anayethubutu kusema hivyo.

Kilichotokea baadaye kinaweza kufuatiliwa karibu mwezi kwa mwezi. Januari 1973 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), aliufunga mpaka wa nchi yake, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikakosa njia yake kuu ya mizigo ya kusini. Mwishoni mwa mwaka huohuo bei ya mafuta ilipaa. Aprili 1974 bei ya shaba ilifika kileleni katika soko la London, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Serikali iliyokuwa imechukua asilimia 51 ya migodi ikajikuta inamiliki hasara. Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975, ikaokoa mengi, ila haikuweza kupandisha bei ya kilichobebwa. Waziri wa fedha mwenye dola chache hatachagua nyuzi za gitaa mbele ya dawa, mbolea na vipuri vya mgodi, na sidhani kuna wa kumlaumu. Kwa mpiga gitaa wa Kitwe, hata hivyo, maana yake ilikuwa moja: amplifaya ikiungua haina mbadala. Santuri nazo zilihitaji malighafi ya kuagiza. Ndiyo sababu zile za miaka hiyo zilichapwa kwa idadi ndogo, na ndiyo sababu leo nakala halisi zinasakwa kama vito.

Vita navyo vikaongeza madhara. Zambia iliwapa hifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini, nayo ikalipa kwa mabomu. Oktoba 1978 ndege za Rhodesia zilishambulia kambi yao karibu na Lusaka, na Aprili 1979 makomando waliingia hadi ndani ya mji kuitafuta nyumba ya Joshua Nkomo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Zimbabwe. Katika mashambulizi ya 1978, eneo la Mkushi, aliuawa Alick Nkhata, yule aliyewafundisha Wazambia kusikiliza gitaa redioni. Msiba huo ungestahili kutajwa katika kila historia ya muziki wa nchi hiyo, na inasikitisha kwamba mara nyingi unaachwa. Usiku ukawa na taa zilizozimwa na amri za kutotoka nje. Bendi ambazo kazi yake ilikuwa kupiga kuanzia jioni hadi karibu alfajiri zikasukumwa kupiga mchana, saa za chai, mbele ya watazamaji ambao wengi wao walipaswa kuwa kazini au shuleni. Roki ya bendi ya watu watano au sita wenye vyombo vizito haiishi kwa mapato ya mchana.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linaposimama. Mtu atasema: vijana wa 1980 walitaka disko, na wale wa 1985 walitaka kalindula, mtindo wa kienyeji, mbona unaisingizia shaba kazi iliyofanywa na ladha? Ni kweli kwamba WITCH wenyewe waligeukia disko. Jagari aliondoka katika miaka hiyo ya mwisho ya 1970 akaenda kusomea na kufundisha muziki, kinanda cha elektroniki kikachukua nafasi ya mbele, na albamu ya 1980, "Movin' On", ni ya kuchezea dansi. Ni kweli pia kwamba Serenje Kalindula Band, Amayenge na P.K. Chishala waliiteka nchi. Lakini tuitazame ladha hiyo ilivyolishwa. Ukumbi wa disko unahitaji mtu mmoja, mashine mbili za kupigia santuri na spika. Mwenye ukumbi aliyekuwa akilipa bendi nzima, na kuilaza na kuisafirisha, alifanya hesabu yake. Kalindula, kwa upande wake, ilikuwa na utajiri ambao roki haikuwa nao: besi yake ya asili, iliyotoka Luapula na majirani zake, hutengenezwa kwa mbao, ngozi na waya na fundi wa kijijini. Bendi za mijini zilitumia vyombo vya umeme, kweli, lakini mtindo wenyewe ungeweza kujifunzwa, kufanyiwa mazoezi na kuchezwa mahali ambapo amplifaya haijafika. Muziki uliookoka ni ule uliohitaji fedha za kigeni kidogo zaidi. Ladha ilikuwepo, naikubali, ila ilichagua kati ya vilivyobaki mezani. Na hata ndani ya kalindula gitaa la Zamrock halikunyamaza: Paul Ngozi alivuka kwenda upande huo akiwa na kifaa chake kilekile cha kukwaruza sauti, na akaendelea kupendwa hadi alipofariki. Mtu aliyemsikiliza mwaka 1976 na 1986 hakuhisi kwamba ameacha kitu kimoja na kushika kingine.

Kanda ziliongeza pigo, kwa kuwa kila santuri moja iliweza kunakiliwa bila mwenyewe kupata senti. Kisha ukaja UKIMWI, na juu yake sina hamu ya kusema mengi zaidi ya yanayotosha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2001–02 ulikuta karibu asilimia 16 ya Wazambia wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na virusi. Wanamuziki walikuwa katikati ya kizazi kilichokatwa. Kufikia mwanzo wa karne hii, wenzake Jagari wa kikosi kilichorekodi albamu maarufu za WITCH walikuwa wameshazikwa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kupungua kwa bendi. Muziki wa namna hii hauna chuo. Hurithiwa kwa kukaa kando ya anayejua, kumbebea gitaa, kumwona anavyotega kidole. Kijana wa Lusaka wa mwaka 1998 aliyetaka kupiga kama Chris Mbewe wa WITCH hakuwa na wa kumuuliza. Alikuwa na rapu kutoka Marekani, kwaito kutoka Afrika Kusini, na kompyuta iliyoweza kumtengenezea mdundo. Jagari mwenyewe, akiwa hai, alikuwa anachimba vito vya thamani ili aishi. Ikiwa kizazi hicho "kiliichoka" roki, basi kilichoka kitu ambacho hakikuwahi kuwekwa mbele yake.

Ndiyo maana kurudi kwake kulianza na vitu kabla ya watu. Santuri zilizouzwa Kitwe na Ndola zilikuwa zimefika mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na kampuni ya Now-Again ya California ikaanza kuwatafuta waliobaki hai, kuomba haki na kutoa upya: kazi za Musi-O-Tunya na Ililonga mwaka 2010, mkusanyo mzima wa WITCH mwaka 2012, kisha "Welcome to Zamrock!" mwaka 2017, ukiwa na maandishi yaliyomshirikisha mtafiti Mzambia Leonard Koloko. Filamu ya Gio Arlotta kuhusu WITCH ilifuata mwaka 2019. Sunburst nao walipata zamu yao, kampuni ya Strut ya London ilipotoa rekodi zao zote mwaka 2016. Wakosoaji wanauliza, na wana haki: ufufuo gani huu unaofanyika kwenye maduka ya Berlin na Los Angeles, kwa bei ambayo mwenye kumbukumbu za muziki huo Chingola hawezi kuilipa? Ni swali linalouma. Mimi naona linapaswa kuelekezwa mahali pake. Wageni hawakuuondoa muziki Zambia. Uliondolewa na yale niliyoyaeleza, na bila santuri hizo chache usingekuwepo wa kugombewa. Kosa lingekuwa kuishia hapo, yaani kuridhika kwamba sauti za marehemu zinasikika vizuri zaidi kuliko zamani huku hakuna aliye hai anayezijibu.

Lakini wapo wanaozijibu, na hapa nina furaha kusema hoja inageuka. Jagari alirudi jukwaani akiwa mzee, kwanza na vijana wa Ulaya waliojifunza nyimbo zake kwa kusikiliza santuri, pamoja na Patrick Mwondela, mpiga kinanda aliyeingia WITCH katika awamu ya disko. Kuwepo kwa Mwondela kuna uzito wake: ndiye kiungo kati ya WITCH ya roki na ile iliyodhaniwa kuwa imeisaliti. Mwaka 2023 walitoa "Zango", albamu ya kwanza ya WITCH tangu "Kuomboka" ya 1984, na waliirekodi Lusaka. Ndani yake wameingia wanawake, jambo ambalo jukwaa la 1975 halikulipa nafasi ya kutosha: Theresa Ng'ambi, na Sampa the Great, rapa aliyezaliwa Zambia na kukulia Botswana. Mwaka mmoja kabla, Sampa alikuwa amewaalika WITCH kwenye albamu yake "As Above, So Below", na ameeleza kwamba katika wazee wa ukoo wake yumo mmoja wa waanzilishi wa bendi hiyo. Tazama umri wao: Jagari ni wa 1951, Sampa ni wa 1993. Waliozaliwa katikati, ambao ujana wao uliangukia miaka ya uhaba na mazishi, karibu hawaonekani. Mwaka 2025 ikaja "Sogolo", na safari hii hakuna aliyeweza kusema kwamba ni kumbukumbu tu.

Bado yapo ya kudai. Warithi wa waliokufa wanapaswa kujulikana na kulipwa kila kipande cha baba zao kinapotumika katika wimbo wa Marekani; nakala za kazi hizo zinapaswa kuwekwa katika maktaba za Lusaka na Kitwe na kusikilizwa bure; na anayejua kupiga apewe darasa, kwa sababu Jagari hataishi milele. Fedha za kufanya hivyo si ndoto. Shaba inatakiwa tena duniani, kwa magari ya umeme na nyaya zake, na serikali ya Zambia imejiwekea lengo la kufikia tani milioni tatu kwa mwaka ifikapo mwanzoni mwa miaka ya 2030, zaidi ya mara nne ya kile kilichochimbwa mwaka 1969, wakati Jagari alikuwa bado hajafika miaka ishirini na bendi ya kwanza ya mtaani kwake ilikuwa inatafuta amplifaya.